Mbwa wetu mpya anakojoa ndani, na kizimba hataki hata kukiona

Shikamoo Mama,

Tunakaa Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya 3: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 9, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Wiki tatu zilizopita tulichukua mbwa kwa watu wanaookota mbwa wa mitaani na kuwatunza. Ni dume wa kienyeji, rangi ya mchanga, daktari alimkadiria mwaka mmoja na nusu. Binti yangu amempa jina la Bosi. Kabla ya kuja kwetu alikaa miezi 7 kwenye banda la sementi pamoja na mbwa wengine watano. Walituambia ni mpole, na kweli ni mpole, hajawahi hata kumkoromea mtoto.

Tatizo ni mkojo. Namtoa asubuhi na jioni, tunazunguka mtaani nusu saa nzima. Ananusa kila mti na kila ukuta, lakini hakojoi. Tukirudi, hata kamba sijamfungua, anakwenda nyuma ya kochi, anachuchumaa na kuacha dimbwi kwenye tailizi. Mume wangu anaona hiyo ni dharau. Shemeji yangu alitushauri tumsukume pua kwenye mkojo wake na kumchapa kandambili. Tulifanya hivyo siku nne. Sasa akinisikia nakuja anainamisha kichwa na kubana mkia, yaani anajua kabisa amekosa, lakini bado anakojoa, na siku hizi anajificha. Tena mume wangu akirudi kazini na kumwinamia amsalimie, Bosi anajilaza chali na kujikojolea papo hapo.

Kizimba tulichongesha kwa fundi wa kuchomelea, cha nondo na wavu, kikubwa, urefu mita 2, nikidhani tunamfanyia hisani. Usiku wa kwanza tulimfungia humo kwenye roshani tangu saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Alilia mpaka majirani wakatupigia simu. Asubuhi tulikuta amekojoa na kunya kwenye pembe moja, na ukucha mmoja umechanika unatoka damu. Tumerudia mara tatu. Sasa haingii mpaka asukumwe. Binti yangu analia, anasema tumemtoa jela tukamtia jela nyingine.

Kilichonifanya niandike ni cha Jumanne. Mzee wa mlango wa mbele yetu huenda msikitini kila alfajiri. Alitoka akakanyaga mkojo uliopita chini ya mlango wetu hadi koridoni. Hakupaza sauti. Alirudi ndani kubadili nguo, na swala ya jamaa ikampita. Nimeiosha korido kwa jiki mara tatu, lakini aibu haijaniisha. Mume wangu amesema wiki mbili, Bosi asipobadilika arudishwe alikotoka.

Mimi natoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni. Chakula tunampa saa 2 usiku, ugali na dagaa wa chumvi au mabaki ya pilau, na bakuli lake la maji halikauki.

Je, amechelewa kufundishika? Na kizimba ni ukatili, au ni sisi tusiojua kukitumia?

Niliyekwama, Upanga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye sentensi uliyoipita haraka: Bosi alikaa miezi 7 kwenye banda la sementi. Sehemu kubwa ya jibu lako imo humo.

Mbwa hajui choo kwa maana tunayoijua sisi. Anachokijua ni kile ambacho nyayo zake zimezoea kukanyaga anapojisaidia, na harufu anayoikuta hapo. Aliyekulia uwanjani hutafuta mchanga au majani. Bosi kwa miezi 7, siku baada ya siku, alijisaidia kwenye sakafu ngumu, ya baridi na laini, kwa sababu hakuwa na nyingine. Halafu akaletwa kwenye nyumba iliyotandikwa sakafu ngumu, ya baridi na laini kutoka mlangoni hadi jikoni. Unapompeleka barabarani anakanyaga vumbi, mizizi na kokoto, bodaboda zinapita, watu wanapiga kelele. Anabana. Akirudi ndani anakanyaga tailizi, mwili unamwambia amefika chooni. Hapo hakuna dharau hata chembe. Anafanya kile alichofundishwa, na aliyemfundisha ni lile banda.

Niliwahi kuchukua jike aliyekuwa amefungiwa kwenye stoo ya mahindi. Wiki mbili nzima hakukojoa kokote ila kwenye sakafu ya jikoni kwangu. Nilimwona mkaidi, na nikamtendea kama mkaidi, jambo ninalolijutia hadi leo. Kilichomtoa ni kipande cha gunia. Nilifutia mkojo wake kwa gunia lile, nikalitandika uani mahali ambapo sementi inakutana na udongo, nikamsimamisha hapo. Alinusa, akazunguka mara mbili, akakojoa. Kila baada ya siku mbili tatu nililisogeza gunia kidogo kuelekea kwenye udongo, na mwisho nikaliondoa.

Wewe fanya vivyo hivyo na Bosi. Shuka uani, umwombe mlinzi au msimamizi wa jengo akuonyeshe pembe moja isiyo njia ya watu, penye ukingo wa sementi na udongo pembeni. Weka hapo kitambaa chenye mkojo wake. Halafu simama. Kutembea usitembee. Kosa la wengi wetu ni kuzunguka na mbwa nusu saa tukingoja akojoe, naye kichwa kimejaa harufu na kelele. Simama mahali pamoja kama umechomekwa, kamba fupi, dakika 5 mpaka 10, usimsemeshe. Akikojoa, msifu kwa sauti ya chini na umpe palepale kipande cha ini la kuchemsha, kabla hajainua hatua nyingine. Ukingoja mpaka mfike ghorofani, atadhani ini ni malipo ya kupanda ngazi. Baada ya hapo ndipo matembezi yaanze. Mwenye kugeuza kurudi nyumbani mara tu mbwa anapokojoa humfundisha kubana, maana mbwa anaona mkojo ndio unaomaliza raha yake.

Asipokojoa, rudini ndani, lakini usimfungue. Funga ile kamba kiunoni mwako, mpike pamoja, mfagie pamoja. Kwa kuwa yuko hatua moja kutoka kwako, hawezi kwenda nyuma ya kochi. Baada ya dakika 15 shukeni tena. Ngazi za ghorofa tatu zitakuchosha, najua. Wiki ya kwanza unaweza kushuka mara 8 kwa siku. Lakini kila dimbwi linaloangukia mahali sahihi ni somo, na kila dimbwi la nyuma ya kochi ni somo pia, la upande wa pili.

Kinyesi chake ukiokote hapohapo kwa gazeti la zamani na kijikoleo, kisha mwaga maji.

Sasa hilo la pua na kandambili. Liishe leo, na umwambie shemeji kwa heshima kwamba limeishia hapo. Umeandika kuwa Bosi akikusikia anainamisha kichwa, kwa hiyo anajua amekosa. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio kuhusu uso huohuo. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kitu, wakatoka chumbani. Waliporudi, wengine waliambiwa ukweli na wengine hawakuambiwa ukweli juu ya kama mbwa amekula. Uso wa "hatia" ulionekana zaidi pale mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula. Yaani ule uso ni jibu la ukali wetu. Bosi anasoma hatua zako na mabega yako, anajua kipigo kinakuja. Alichojifunza kwa siku zile nne ni kwamba kukojoa mbele yenu ni hatari. Ndiyo maana anajificha, na kwa sababu hiyohiyo hataki kukojoa ukiwa umeshika kamba uani. Kwa hiyo mna kazi mbili: kumfundisha choo, na kumrudishia imani ya kukojoa mbele ya macho yenu. Ukimkuta katikati ya tendo, mwite kwa wepesi, "Bosi, twende," mshuke. Ukikuta dimbwi limeshapoa, futa tu.

Na kile anachokifanya mume wako akirudi ni kitu kingine kabisa. Huo ni mkojo wa woga. Mbwa mdogo wa cheo hujilaza na kutoa mkojo kidogo mbele ya mkubwa ili kuomba amani. Mtu mzima anayeinama juu yake, mkono ukishuka kichwani, humtisha. Baba aingie bila kumtazama, avue viatu, akae, amwache Bosi amfuate mwenyewe. Kisha amguse kifuani au ubavuni, asianzie kichwani. Kumkaripia kwa mkojo wa namna hii huuongeza.

Jiki uiweke mbali. Mkojo una amonia ndani yake, na jiki ikikutana na amonia hutoa mvuke wa sumu unaowasha macho na kifua, na ninyi mna mtoto ndani. Tena haikusaidii kwa Bosi. Sisi tunasikia harufu ya jiki na kuona pamekuwa safi, yeye bado anausikia mkojo wake chini yake. Futa kwanza mkojo wote kwa kitambaa kikavu, osha kwa maji na sabuni, suuza vizuri, kisha pitisha siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. (Kama sakafu ni jiwe halisi la marumaru, acha siki, italila.) Na siki isikutane kamwe na jiki, wala kwenye ndoo moja wala kwenye dekio moja, kwa sababu hapo hutoka gesi ya klorini. Ukipata kwa wauza vifaa vya wanyama dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, hiyo ni bora kuliko vyote, maana inavunja kile kinachobeba harufu. Sogeza kochi, safisha nyuma yake na mianya ya tailizi, halafu weka hapo bakuli lake la chakula kwa wiki kadhaa. Mbwa wengi hawapendi kujisaidia wanapokula.

Chakula chenyewe. Dagaa wa chumvi saa 2 usiku, maji bakuli zima, kisha mkamfungia saa 4! Mwanangu, hata mimi nisingefika asubuhi. Dagaa waloweke na uwamwage maji, au nunua wasio na chumvi. Pilau asile tena, kwa sababu vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mgawie chakula mara mbili, saa 12 na nusu asubuhi na saa 11 na nusu jioni, bakuli liondolewe baada ya dakika 20. Chakula kikiwa na saa zake, na choo kinakuwa na saa zake. Maji msimnyime, hasa kwa joto la Dar.

Nimechelewa kufika kwenye kizimba kwa makusudi, kwa sababu watu wengi huanza nacho wakitumaini kitafanya kazi ya kufundisha. Hakifundishi. Kazi yake ni kumpa mbwa mahali pake pa kulala, na kutusaidia sisi kwa muda mfupi tusioweza kumtazama. Binti yako amesema kweli kuhusu jinsi mlivyokitumia, mpe haki yake. Ila kizimba chenyewe hakina kosa.

Kwanza, ni kikubwa mno. Mbwa anatakiwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala ubavu amenyoosha miguu. Mpime kutoka puani mpaka shina la mkia, ongeza sentimita 10 hadi 15, basi. Katika mita 2 Bosi alipata chumba cha kulala na choo, na akatumia vyote viwili. Mwite fundi aweke kizuizi cha ubao ndani, na akiwa hapo apitishe tupa kwenye kila ncha ya nondo na wavu. Ukucha ule haukuchanika bure.

Pili, kitoke roshani. Mbwa aliyezoea kulala na wenzake watano alifungiwa peke yake, gizani, nje, kwenye nyumba ngeni, saa 8 mfululizo. Kiweke sebuleni mnapokaa jioni, penye upepo wa feni. Juu tandaza khanga moja nyepesi, pande mbili ziwe wazi. Blanketi litamchemsha.

Tatu, mwanzo mpya. Ng'oa mlango au ufunge kwa kamba ubaki wazi, na wiki nzima ya kwanza usimfungie hata dakika moja. Ndani weka khanga uliyoivaa, isifuliwe. Chakula chake chote kiliwe hapo: siku ya kwanza bakuli likae mlangoni, kesho kiganja kimoja ndani, keshokutwa zaidi. Tupa kipande cha ini ndani, aingie, achukue, atoke. Usimsukume, hata kidole. Siku utakayomkuta amelala humo bila kuitwa, ndipo urudishe mlango. Ufunge akiwa anakula, ufungue kabla hajamaliza. Sekunde 10, dakika 1, dakika 5, wewe ukiwa hapohapo. Uji mzito wa dona na dagaa uliogandishwa kwenye bakuli la chuma humshughulisha kwa kuulamba, na kulamba kunatuliza mbwa.

Akianza kutoa mate mengi, kuhema bila joto, kung'ata nondo au kuchimba kwa kucha, fungua. Hayo ni maumivu ya hofu. Wapo mbwa ambao kufungwa kumewaumiza kiasi kwamba kizimba hakitawafaa kabisa, na Bosi anaweza kuwa mmoja wao. Ikiwa hivyo, kizibeni kile kichumba cha stoo au jiko kwa kigeti kifupi anachoweza kuona juu yake, muishi kwa amani bila kizimba. Hakuna sheria inayomlazimisha mbwa alale kwenye nondo.

Kwa sasa usiku alale kwenye mkeka mlangoni mwa chumba chenu, kamba ndefu ikiwa imefungwa kwenye mguu wa kitanda ili akiinuka msikie. Mshusheni saa 4 na nusu usiku, na wiki hizi za mwanzo mara moja tena saa 9. Hiyo ya saa 9 mpe baba. Asiyeamka hata usiku mmoja kwa ajili ya Bosi hawezi kumhukumu kwa wiki mbili.

Mchana kazi yote inamwangukia dada, na barua yako haijasema kama aliulizwa. Muulize leo. Kama anaogopa mbwa, msimlazimishe, tafuteni kijana wa mtaani anayeaminika, mumlipe kwa kushuka na Bosi saa 4 asubuhi, saa 7 na saa 9 alasiri. Kama hana woga, mwongezeeni kitu mwisho wa mwezi, kwa sababu hii ni kazi mpya juu ya zile alizopatana nanyi.

Mpelekeni pia kwa daktari wa mifugo mkiwa na mkojo wake kidogo kwenye chupa safi. Maambukizi ya kibofu, minyoo na homa ya kupe hufanana sana na "ukaidi". Hapohapo mhakikishe chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa.

Sasa mzee wa mlango wa mbele. Kwake yeye, kuosha kwa jiki hakutoshi. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Shafii, na humo kilichoguswa na majimaji ya mbwa, mate au mkojo, huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Fikiria mtu ameshatawadha, dakika chache kabla ya swala, anakanyaga hapo. Kwamba hakupaza sauti ni ukubwa wake. Nenda na mume wako, mwombeni radhi kwa maneno mafupi, msianze kumweleza habari za banda la sementi. Kisha mwulize huwa anapita koridoni saa ngapi, alfajiri na magharibi, na saa hizo Bosi asiwe koridoni kabisa. Zibeni uwazi wa chini ya mlango kwa mpira au ubao. Mkipita, kamba iwe fupi, Bosi awe upande wa ukuta, na chupa ya maji mkononi.

Umeuliza kama amechelewa. Hajachelewa. Wanaookoa mbwa wana kipimo chao cha kukadiria: siku 3 za mbwa kushangaa, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ya kujiona yuko kwao. Kipimo hicho ni cha mkono tu, wengine huwahi, wengine hukawia. Bosi wiki zake 3 zimepita kwenye kandambili na roshani, kwa hiyo mimi ningeanza kuhesabu upya kesho asubuhi. Mwombe mume wako wiki 8 badala ya 2, na umwombe akiwa tayari ameshashuka ile ya saa 9 mara mbili tatu, atakuelewa vizuri zaidi.

Binti umpe daftari. Kila Bosi anapokojoa aandike saa, na kama ni uani au ndani. Baada ya siku chache mtaona wenyewe saa zake, na mtakuwa mnashuka dakika 10 kabla ya mkojo badala ya kufuta baada yake. Daftari likifika ukurasa wa tatu, niandikie tena, uniambie ni tarehe gani binti aliandika "uani" tupu kutoka asubuhi mpaka usiku.